Ekzosi ya skuta imeliwa na kutu, unaziba au unabadili? Wa Mtwara, Lindi na pwani yote ingieni hapa

Mleta uzi:
Wakuu habari zenu, wa Mtwara, Lindi, Kilwa na popote pale chumvi inapokula vyuma. Kuna jambo linaniuma kwenye hizi skuta zetu na nataka tuliongee kwa kirefu, maana naona watu wanaharibu injini kwa sababu ya bomba la moshi, jamani bomba, kitu ambacho unaingia duka la spea unanunua lingine. Ekzosi ikitoboka mtu anampa yeyote mwenye spana, yule anavuta kwa nguvu zake zote, stadi, yaani ile bolti isiyo na kichwa inayoshika bomba kwenye injini, inakatikia ndani ya silinda hedi (kichwa cha injini), basi hapo tatizo limeshahama kutoka kwenye bomba limeingia kwenye injini. Kwahiyo msimamo wangu kwenye huu uzi ni mmoja, linda zile stadi mbili kuliko unavyolinda ekzosi yenyewe. Mengine yote yanarekebishika.

Kwanza kwanini zinaoza. Wengi tunasema chumvi ya bahari na ni kweli, ukikaa Shangani au Mikindani upepo wa baharini unapiga chuma usiku na mchana, na wale wanaopita na skuta kwenye mchanga wa Msimbati ndo kabisa, maji ya chumvi yanarukia bomba la moto yanakauka palepale chumvi inabaki imeganda. Lakini kuna kutu nyingine inatoka ndani na hiyo ndo inayowashangaza watu. Petroli ikiungua inatoa maji, lita moja ya petroli inatoa maji karibu lita moja, yanatoka kama mvuke. Ukisafiri mbali, tuseme Mtwara mpaka Lindi, sailensa, yaani lile tumbo la ekzosi, inapata moto wa kutosha mvuke wote unatoka nje. Ila wewe unayetoka nyumbani kwenda sokoni halafu unazima, unawasha tena kwenda msikitini unazima, bomba halipati moto, mvuke unageuka maji unatuama kwenye tumbo la sailensa, na yale maji si maji safi, yana tindikali ya moshi. Yanakula chuma taratibu kutoka ndani huku nje rangi inang'aa. Siku unaona kitundu kidogo ujue ndani pameshaisha.

Alafu sailensa nyingi zina kitundu kidogo sana chini kwenye tumbo, kimewekwa kiwandani kwa makusudi maji yatoke. Watu wanadhani ni kutu wanakiziba kwa kuchomelea! Usikizibe. Kikizibika kwa uchafu chokonoa kwa waya.

Na kwa huku kwetu kuna la tatu, salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho watu wanabeba mifuko ya salfa ya unga kwenye pikipiki na skuta, mfuko unavuja kidogo kidogo, unga unatua kwenye ekzosi. Salfa inayeyuka kwenye nyuzijoto 115 tu, bomba la skuta linapita hapo bila shida, na ikikaa na unyevu inatengeneza tindikali inayokula chuma, na ikipata joto kali zaidi inashika moto kabisa, moshi wake unakaba kifua. Kama unabeba salfa weka ndani ya mfuko mwingine usiovuja ufunge vizuri, ukifika osha chombo chote ekzosi ikishapoa.

Sasa utajuaje ya kuziba na ya kubadili. Injini ikiwa baridi gonga tumbo la sailensa na kijiti cha bisibisi polepole. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali, kilichooza kinatoa sauti butu na bisibisi inazama. Kama kidonda ni kimoja na pembeni yake chuma ni kigumu, ziba. Kama bisibisi inazama kila unapogusa usipoteze hela ya kuchomelea, kila fundi atakapogusisha moto patafunguka tundu kubwa zaidi. Itikise pia, ukisikia inalia kama njuga ujue vile vibati vya ndani vimekatika, hiyo hata ukiziba nje haitakuwa sawa, na vipande vinaweza kukaa vibaya vikaziba njia ya moshi skuta ikakosa nguvu mlimani.

Sehemu ya pili ya kuangalia ni pale bomba linapoungana na injini. Ukiona masizi meusi yamepaka kwenye hedi au unasikia tsk tsk tsk asubuhi ukiwasha, hapo gasketi (pete ya kuziba kati ya bomba na injini) imekufa au flanji (kile kibamba cha bomba chenye matundu ya stadi) imeliwa. Pia ukiachia mafuta kwenye mteremko inapiga fataki, mara nyingi ni hewa inaingia palepale. Hii isiachwe, moto unatokea karibu na plastiki za bodi na nyaya.

Ngoja niweke hapa kwanza, nitaendelea na kufungua.

Mdau wa Lindi mjini:
Mkuu umeongea kitu, hasa hiyo ya safari fupi. Mimi yangu ni ya 125, nilikuwa najiuliza kwanini inaoza na nje naipaka rangi kila mara. Endelea na kufungua maana hapo ndo vilio vinapoanzia.

Mleta uzi:
Pamoja mkuu. Kufungua.

Skuta nyingi hizi za kutoka China na Japani ekzosi iko kulia, mbele imeshikwa na nati mbili kwenye hedi, nyuma imeshikwa na bolti mbili au tatu kwenye injini. Za cc 50 nati za mbele mara nyingi ni M6, spana namba 10, za 125 na 150 zinakuja M8, spana 12 au 13. Hiyo M6 ni nyembamba jamani, chuma cha milimita 6 kilichokaa kwenye moto na chumvi miaka, ukivuta na spana ndefu unaikata bila hata kusikia.

Kwahiyo usianze jioni unataka ulale umemaliza. Siku ya kwanza safisha nyuzi za stadi zinazoonekana kwa brashi ya waya, toa kutu yote, alafu pulizia dawa ya kulegeza kutu, WD-40 au yoyote ya hivyo, ukikosa changanya dizeli na mafuta ya taa uweke kwa matone. Injini ikiwa baridi lakini, usimwagie kwenye bomba la moto. Rudia jioni, rudia asubuhi. Kuwa makini mafuta yasidondokee kwenye breki ya nyuma, pale ni karibu sana, ukaja kukosa breki kwenye mteremko wa Mikindani.

Tumia soketi ya pembe sita, sio spana ya mdomo wazi, ile inaharibu kona za nati. Vuta kidogo kulegeza, ikisogea hata kidogo usiendelee, irudishe kidogo kubana, weka mafuta, legeza tena. Nenda hivyo mbele nyuma mpaka itoke. Ukisikia inakuwa laini kama inanyumbuka bila kulegea, ACHA hapohapo, hiyo stadi inajinyonga inataka kukatika.

Ikigoma kabisa ni moto. Nati ipashwe moto, sio stadi, nati ikipanuka inaachia. Moto maana yake tenki la petroli na plastiki za karibu vimeshatolewa, na ile mipira ya mafuta isiwe karibu, na dawa uliyopulizia uwe umeifuta na imekauka. Kama huna uzoefu wa moto mpelekee mwenye gesi akufanyie hiyo tu, ni kazi ya dakika chache.

Toa nati za mbele kwanza wakati za nyuma bado zimeshika, ili uzito wa sailensa usining'inie kwenye stadi. Kuna watu wanaanza nyuma, bomba linalala chini lote limebebwa na stadi mbili, linazipinda.

Dada wa Shangani:
Kaka samahani, mimi nina skuta ya kupelekea watu chakula, najua kuendesha tu. Ekzosi imetoboka chini kitundu kama cha shilingi na inapiga kelele mpaka wateja wanajua nimefika. Siwezi kuilaza siku mbili maana ndo kazi yenyewe. Naweza kuweka kitu cha muda kwanza? Jirani kaniambia niweke ile gundi ya chuma ya kuchanganya mbili.

Mleta uzi:
Dada karibu sana na pole na kelele. Gundi ya kuchanganya mbili haiwezi joto la ekzosi, kwenye tumbo la nyuma inaweza kukaa siku kadhaa, karibu na injini inaungua siku hiyohiyo inanuka. Saruji nayo watu wanaweka, inapasuka kwa mtikisiko.

Cha muda kinachofanya kazi ni hivi. Maduka makubwa ya spea za magari yana dawa maalumu ya kuziba ekzosi, iko kama udongo, inakauka kwa moto wa bomba. Safisha pale kwa msasa mpaka uone chuma cheupe, paka ile dawa, alafu chukua kipande cha kopo la chuma, lile la maziwa ya unga au nyanya, kata kipana kuliko tundu, kizungushe na ukibane na klempu mbili za kuzunguka bomba, moja kila upande. Usitumie kopo la soda, lile ni aluminiamu, laini mno na halivumilii joto. Kama tumbo ni nene klempu haifiki unganisha klempu mbili ziwe moja. Washa iache iungurume polepole bila kuendesha mpaka dawa ikauke, kwa jinsi maelekezo ya kopo lake yanavyosema.

Fanyia nje dada, sio barazani kwenye ukuta pande tatu wala stoo. Ekzosi iliyotoboka inatoa kaboni monoksaidi karibu na ulipo, haina rangi wala harufu, inaua mtu amekaa. Hata kuipasha asubuhi usiipashie ndani karibu na watoto.

Na lile kava la bati lililo juu ya ekzosi usiliache nyumbani, abiria wako na watoto wanaungua mguu wa kulia.

Dada wa Shangani:
Asante sana kaka, Mungu akubariki. Hilo kava lilishatolewa na mtu wa pancha kitambo, hakurudisha.

Mleta uzi:
Umegusa penyewe dada. Skuta nyingi huwezi kutoa tairi la nyuma bila kutoa ekzosi, kwahiyo kila pancha ya nyuma zile stadi zinafunguliwa, na zinafungwa na kijana ana haraka anakaza mpaka mwisho wa nguvu. Ndo maana stadi zinakufa hata kwa mtu ambaye hajawahi kwenda kwa fundi injini. Simlaumu kijana wa pancha, hajafundishwa, ila wewe mwenye chombo simama pale useme kaza taratibu, na hakikisha gasketi imerudi.

Fundi wa kuchomelea, Lindi:
Salaam wakuu. Mimi nachomelea, niongeze upande wangu. Wateja wanakuja na ekzosi wanasema weka bati. Bati la kuezekea limepakwa zinki. Ukilichomelea ule moshi mweupe ukiuvuta unapata homa, mwili unatetemeka usiku kama malaria, unakunywa dawa ya malaria bure. Alafu zinki inaharibu uchomeleaji, panakuwa na matundu matundu. Nataka bamba jeusi, geji 18 au 16, yaani milimita 1.2 mpaka 1.5 hivi, mabaki yapo kwenye karakana za mageti na madirisha.

Pia mtu asiniletee ekzosi ikiwa kwenye skuta. Itoeni. Kuchomelea ikiwa juu ya chombo na tenki lina petroli mimi sifanyi, na umeme wa mashine unapita kwenye nyaya za skuta, za kisasa zenye kompyuta na sensa zinaungua. Kwa mtu anayelazimisha angalau atoe waya wa betri, lakini mimi bado sifanyi.

Kingine, ile sehemu nyembamba nachomelea kwa fimbo ndogo ya milimita 2 na umeme mdogo, nagusa naachia, nagusa naachia. Fundi anayeweka fimbo nene ya mageti anatoboa kila mahali. Wenye gesi wanaweza kuunga na shaba, inakuwa safi na haitoboi, ila mimi naona shaba iwe nyuma kwenye tumbo, karibu na hedi moto ni mkali sana tumia chuma kwa chuma.

Mleta uzi:
Shukrani fundi, hayo ya zinki watu wayasome mara mbili. Naongeza tu kwa wateja, usikate kidonda palepale tundu lilipo, kata mpaka ufike chuma kigumu kisha kiraka kikae juu ya kigumu. Kiraka kikikaa juu ya kilichooza kinang'oka na kipande cha chini.

Mdau wa Lindi mjini:
Fundi nauliza, kijana mmoja kaniambia nitoboe sailensa kabisa nitoe vibati vya ndani, itaongeza spidi. Ni kweli?

Mleta uzi:
Nijibu mimi hii. Kelele itaongezeka, spidi sioni. Injini ya skuta imepangiwa kabureta kwa ile sailensa, ukifungua njia ya moshi mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo, inapata moto zaidi na inaanza kupiga fataki. Kwa zile za zamani za oili kwenye petroli ndo kabisa, umbo la ndani la ekzosi linafanya kazi kusukuma mchanganyiko urudi kwenye silinda, ukitoa unapoteza nguvu. Na majirani wana watoto wachanga na wagonjwa, tuwaonee huruma.

Mdau wa Lindi mjini:
Nimekuelewa mkuu, sigusi. Sasa stadi yangu moja IMESHAKATIKA, imebaki kama milimita tatu nje. Naambiwa ninunue hedi mpya.

Mleta uzi:
Usinunue hedi bado! Milimita tatu nje ni bahati. Muone fundi wa kuchomelea aweke nati juu ya kile kibaki, achomelee kwa ndani ya nati ishikane na stadi, asubiri ipoe kidogo alafu aizungushe na spana taratibu. Ule moto wenyewe unasaidia kuachia kutu. Mara nyingi inatoka. Hedi ni aluminiamu, kwahiyo mchomeleaji asiguse hedi.

Ikiwa imekatika sawa na uso wa hedi, hapo ni kutoboa katikati kabisa na dirili, na hii kazi ni ya mwenye mashine, peleka hedi karakana yenye leiti, mashine ya kuchonga vyuma. Kutoboa kwa mkono dirili inateleza inaingia kwenye aluminiamu maana ni laini kuliko stadi. Nyuzi za hedi zikiwa zimekufa bado kuna helikoili, ni springi ya chuma inayoingizwa kwenye tundu lililochongwa nyuzi kubwa zaidi kwa tapu, unapata nyuzi mpya za chuma ukubwa uleule. Hedi mpya iwe ya mwisho kabisa.

Stadi mpya unaingiza kwa nati mbili, unazibana pamoja juu ya stadi, unazungusha ya juu, ikifika unazitenganisha. Usiishike stadi na koleo kwenye nyuzi.

Fundi wa kuchomelea, Lindi:
Mdau uko Lindi sehemu gani, lete hiyo hedi ikiwa na kibaki chake. Usiikate ile milimita tatu, watu wanaikata wanasema wanasawazisha.

Mdau wa Mikindani:
Nimechelewa kufika ila nina swali la kununua. Nimeona mpya dukani, muuzaji anasema ni stenlesi haipati kutu milele, inashika sumaku. Ni feki?

Mleta uzi:
Sio lazima feki mkuu. Kuna stenlesi inayoshika sumaku na inatumika sana kwenye ekzosi, na kuna isiyoshika. Inayoshika bado itapata kutu ya juu juu ukiwa pwani, ila inadumu kuliko chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli. Angalia zaidi mambo haya, flanji iwe nene na matundu yake yakae sawasawa na stadi zako bila kulazimisha, bomba likae bila kuvutwa pembeni, na pembe za nyuma zifikie matundu ya bolti. Ekzosi isiyokaa vizuri ukiibana kwa nguvu inakuja kupasuka shingoni kwa mtikisiko. Nenda na ya zamani dukani uzilaze pamoja. Na kama skuta yako ni ya sindano za petroli, yaani haina kabureta, ina sensa imekaa kwenye bomba, hiyo mpya lazima iwe na tundu lenye nyuzi la sensa, la sivyo taa ya injini itawaka.

Kufunga. Gasketi mpya kila mara, ni pete ndogo, inabanwa mara moja inalala, ya zamani haizibi tena. Usiweke gasketi meka, ile gundi ya kuziba ya tyubu, pale kwenye hedi, haiwezi lile joto, inaungua na kubanduka. Shika gasketi kwa grisi kidogo isidondoke. Ingiza nati zote kwa vidole kwanza, mbele na nyuma, alafu bana za mbele kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo flanji ikae sawa, ndipo ubane za nyuma. Nati za mbele mimi naweka za shaba, hazishikani na stadi kwa kutu, na nyuzi napaka grisi ya kopa, ile yenye unga wa shaba. Ukikosa hiyo grisi, hata nati za shaba peke yake zinasaidia sana. Baada ya kuendesha siku moja mbili, ikiwa baridi, jaribu kubana tena kidogo, gasketi huwa inalala.

Mdau wa Mikindani:
Na rangi? Nimepaka silva ya kawaida ikabanduka yote.

Mleta uzi:
Rangi ya kawaida inaungua mkuu. Tafuta ile ya kupuliza iliyoandikwa inavumilia nyuzijoto 600. Siri iko kwenye maandalizi, msasa mpaka chuma, futa na thina, usishike tena na mkono wenye mafuta, puliza nyembamba mara kadhaa sio nene mara moja. Alafu inaivishwa kwa moto, unawasha muda mfupi inapoa, unawasha zaidi inapoa, kwa jinsi kopo linavyoelekeza. Usiipulize siku ya unyevu au karibu na upepo wa bahari, chumvi inakaa chini ya rangi.

Kwa wewe uliye Mikindani, osha ekzosi na maji baridi ya bomba kila ukitoka ufukweni, lakini IKISHAPOA, na baada ya kuosha zunguka nayo mpaka ipate moto ikauke yote. Skuta ya safari fupi ipe safari ndefu kidogo mara moja kwa wiki, nenda mpaka mjini urudi, ni kama kilomita 10 kwenda tu, inatosha kukausha tumbo.

Dada wa Shangani:
Kaka nimerudi. Nimeweka kopo la maziwa na klempu mbili kama ulivyosema, dawa nimeipata duka la spea za magari. Kelele imekwisha, nimetoa chakula leo vizuri. Jumapili sifanyi kazi, ndo nitaitoa nimpelekee wa kuchomelea. Dawa ya kulegeza kutu nianze kuweka lini?

Mleta uzi:
Anza Ijumaa jioni dada, skuta ikishapoa. Jumamosi asubuhi kabla ya kutoka weka tena kidogo ufute iliyozidi, na Jumamosi usiku weka ya mwisho. Jumapili fungua mbele kwanza, kidogo kidogo, ikigoma usilazimishe, andika hapa kabla hujaendelea, nitakuwa naangalia. Na ukienda dukani chukua gasketi na nati mbili za shaba kabisa, pamoja na kava.